UZI: Kutoka kadi za posta hadi akili mnemba, safari ya masomo ya mtandaoni kwa kipimo kimoja

Karani (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mjadala wa masomo ya mtandaoni hugawanyika mapema sana. Huku wanasema ni mkombozi, kule wanasema hakuna aliyewahi kuelewa kitu kwa kutazama video. Mimi nimesoma kwa njia hii miaka mingi, sasa nafundisha kwa njia hiyo hiyo, na naamini tunabishania kioo cha kompyuta huku jambo lenyewe likitupita. Nataka niisimulie historia yote kwa swali moja: mwanafunzi akikosea, kosa lake linachukua muda gani kumrudia likiwa limesahihishwa?

Walimu huita kitu hicho mrejesho. Lishikeni neno hilo, nitalirudia sana.

Mwaka 1840 Uingereza iliweka utaratibu wa barua kwenda popote nchini kwa peni moja. Isaac Pitman, aliyekuwa amechapisha mfumo wake wa hati mkato miaka mitatu tu kabla, akaona mlango umefunguka. Alituma masomo kwa kadi, wanafunzi wakaandika vifungu vya Biblia kwa hati mkato na kumrudishia, naye akasahihisha kwa mkono na kuwatumia tena. Vitabu vya kujifundisha mwenyewe vilikuwepo kwa karne nyingi. Kilichokuwa kipya ni ile safari ya kurudi. Mrejesho ulichukua siku kadhaa, lakini ulifika, na ulihusu kosa lako wewe.

Linganisheni na 1858, Chuo Kikuu cha London kilipofungua mitihani yake kwa yeyote, popote alipo, bila kuhudhuria madarasa. Kwa mtu asiyeweza kuhamia London hilo lilikuwa jambo kubwa. Ila chuo kilitahini tu, kufundishwa lilikuwa shauri lako. Unasoma peke yako, kisha karatasi inakuambia umefaulu au umeanguka. Afrika Kusini nao walianza hivyo mwaka 1873, kwa chuo cha kutahini, kile tunachokijua leo kama UNISA, hadi kilipogeuka kuwa chuo cha kufundisha kwa posta mwaka 1946. Hapo ndipo Nelson Mandela alipopata shahada ya sheria mwaka 1989, akiwa bado mfungwa.

Mwaka 1951, katika mji wa Alice Springs, Australia ilianzisha shule ya redio kwa watoto wa mashamba ya mifugo yaliyotengana kwa mamia ya kilomita. Walitumia mtandao wa redio wa madaktari wanaosafiri kwa ndege. Redio ile ilikuwa ya pande mbili: mtoto aliweza kujibu, na mwalimu akamrekebisha papo hapo. Watoto wa redio tutakutana nao tena.

Kisha Open University ya Uingereza, iliyopata hati yake 1969 na kupokea wanafunzi wa kwanza Januari 1971. Watu wengi wanakumbuka vipindi vya BBC vya usiku. Waulize waliosoma pale: uti wa mgongo ulikuwa kazi za kuandika zilizosahihishwa na mkufunzi na kurudishwa na maelezo. Televisheni ilivutia macho, mkufunzi ndiye aliyefundisha.

Nimeacha makusudi mashine moja ya mwaka 1960 kwa sababu inastahili nafasi yake. Naendelea chini.

Karani

Mwaka 1960, Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, Donald Bitzer na wenzake walijenga mfumo ulioitwa PLATO. Mwanafunzi anakaa mbele ya kituo kilichounganishwa na kompyuta kubwa, anasoma swali, anajibu, na kompyuta inamwambia pale pale kama amepatia. Muda wa mrejesho ulishuka kutoka siku hadi sekunde bila mwalimu kuwepo.

Na haikuishia hapo. Kutafuta kioo kizuri cha PLATO ndiko kulikozaa kioo cha plazma mwaka 1964. Kufikia 1972 kizazi cha nne cha PLATO kilikuwa na kioo cha kugusa, na mwaka uliofuata watumiaji wake walikuwa na ubao wa majadiliano na mahali pa kuzungumza kwa maandishi. Nyuzi kama huu tunaouandika zina babu yake mle. Kioo cha kugusa na gumzo la maandishi, vyote vilikuwepo kabla ya wengi wetu kuzaliwa, tena kwa ajili ya kufundisha.

Tatizo lilikuwa gharama. Kompyuta ya namna ile ilikuwa ya chuo, haikuwa ya mtu. Ilibidi tusubiri wavuti wa Tim Berners-Lee, wazo alilolipendekeza mwaka 1989, hadi mtu wa kawaida apate njia ya kufikia kitu kama kile.

Wavuti ulipokuja, matawi mawili yaliota. Tawi la kwanza ni kuweka mafunzo hadharani: mwaka 2001 MIT, chuo kikuu cha Marekani, ilitangaza kwamba itaweka maandishi ya kozi zake mtandaoni bure kwa dunia nzima. Nikisema nina deni kwa watu wale simaanishi mapambo ya maneno. Maandishi yale ndiyo yaliyonifundisha hesabu ambazo sikupata nafasi ya kuzisoma darasani. Tawi la pili ni mfumo wa kuendeshea darasa: kutuma kazi, kuipokea, kuisahihisha, kujadili. Moodle ilitoka mwaka 2002, bure, na yeyote ana ruhusa ya kuifungua na kuibadilisha. Aliyeianzisha, Martin Dougiamas, alikulia jangwani Australia na alisoma utotoni kwa redio ya pande mbili. Mtoto aliyezoea kujibiwa alijenga mfumo ambao ndani yake majukwaa ya majadiliano na kazi za kurudishwa vimo tangu mwanzo.

Dira

Mkuu Karani, uzi mzuri, lakini umeruka mwaka 2012. Magazeti yalisema vyuo vikuu vinakufa. Mimi nilijiandikisha kozi nne za bure na sikumaliza hata moja. Hebu tuambie nini kilitokea.

Karani

Dira, sijauruka, nilikuwa naufikia.

Kozi hizo za mtandaoni zilizo wazi kwa umati wa watu huitwa MOOC. Jina hilo lilianza 2008, kwa kozi ya Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, iliyoongozwa na George Siemens na Stephen Downes. Wanafunzi wa kulipa walikuwa 25, waliojiunga mtandaoni zaidi ya 2,000. Kozi ile iliendeshwa kwa mazungumzo: watu waliandika, wakajibizana, wakasomana.

Kilichotikisa dunia kilikuja vuli ya 2011. Sebastian Thrun na Peter Norvig walifundisha kozi ya akili mnemba ya Chuo Kikuu cha Stanford mtandaoni, bure. Walijiandikisha watu wapatao 160,000. Mwaka 2012 yakazaliwa majukwaa ya kozi za mtandaoni: Udacity, Coursera na edX. Kozi ya kwanza ya edX, ya saketi za umeme, ilipata watu karibu 155,000; waliofaulu ni 7,157. Miongoni mwa waliopata alama zote alikuwemo kijana wa miaka 15 kutoka Mongolia.

Wakosoaji walishika ile 7,157 na kusema ni asilimia 5 tu. Naelewa, lakini mwalimu wa darasa la watu 150 angehitaji karibu miaka 50 kufundisha watu 7,157, hata akifundisha kozi hiyo kila mwaka na wote wakafaulu. Na wengi kati ya waliojiandikisha walikuwa wanachungulia tu, kama mtu anayefungua kitabu dukani, akasoma kurasa mbili na kukirudisha.

Hata hivyo kuna kosa la kweli lilifanyika, na ndilo lililokuangusha wewe. Kozi nyingi zilizofuata ziliiga sehemu rahisi, yaani video, na zikaacha sehemu ngumu, yaani mazoezi yanayorudi na masahihisho. Mwaka 2014 watafiti Guo, Kim na Rubin walichambua vipindi milioni 6.9 vya kutazama video kwenye edX. Wakagundua kwamba muda wa kawaida ambao mtu hudumu kwenye video hauzidi dakika 6, hata video iwe ndefu kiasi gani. Wenye majukwaa wakakimbilia kukata video vipande vifupi. Ni sawa, lakini mtu aliyetazama vipande kumi vya dakika 6 bila kujibu swali lolote bado hajafanya kazi yoyote.

Yupo mtu anayetazama masaa mawili, anatikisa kichwa, anaona ameelewa. Nilikuwa mtu huyo. Watafiti Roediger na Karpicke walilipima jambo hili vizuri mwaka 2006: kundi moja likasoma kifungu na kukirudia, jingine likasoma kisha likajaribu kuandika linachokumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima wakawa mbele sana. Yaani njia inayokupa raha leo ndiyo inayokutoroka wiki ijayo. Mwanasaikolojia Ebbinghaus alikuwa ameshaonyesha tangu 1885 jinsi tunavyosahau haraka, na programu za kadi za maswali kama Anki zimejengwa juu ya hilo: zinakuuliza tena pale unapokaribia kusahau.

Mama Wawili

Naomba niongeze upande mwingine, maana Karani anazungumza kama mwalimu.

Mimi nilisoma uhasibu mtandaoni nikiwa na watoto wawili wadogo. Kilichonisaidia kuliko vyote ni kitufe cha kusimamisha. Mtoto akilia nasimamisha, akilala naendelea. Hakuna darasa la ana kwa ana ambalo lingenisubiri.

Na kuna hili ambalo sijawahi kumwambia mtu. Katika miaka yangu yote ya shule sikunyoosha mkono hata mara moja. Nilikuwa naogopa kuchekwa. Kwenye jukwaa la kozi niliandika swali langu usiku, nikalifuta, nikaliandika tena, nikalituma. Asubuhi nikakuta watu watatu wamenijibu na mmoja akasema na yeye lilikuwa linamsumbua. Nilikuwa na miaka 34. Nilisoma majibu yale mara nyingi kuliko nilivyosoma sura yenyewe.

Karani

Mama Wawili, asante sana kwa kutuamini na jambo hilo. Umenikumbusha kwamba swali lililoandikwa lina muda wa kukomaa. Darasani anayejibu haraka ndiye anayesikika.

Mwalimu wa Jioni

Salaam wakuu. Mimi nilitupwa mtandaoni mwaka 2020 kama walimu wengine. UNESCO ilihesabu wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 waliofungiwa shule kwa wakati mmoja. Tulipewa siku chache, tukahamishia ratiba yote kwenye simu za video: vipindi sita kwa siku, mimi nasoma slaidi, mbele yangu miraba myeusi yenye majina. Sikujua nani yupo na nani ameenda zake. Nilimaliza kila siku nimechoka na nikiwa na uhakika kwamba sijafundisha.

Wataalamu walitoa jina mwaka ule ule: ufundishaji wa dharura kutoka mbali. Walitaka usichanganywe na kozi iliyoandaliwa kwa miezi, na jina hilo lilinipa nafuu kubwa.

Nilichobadilisha ni kidogo. Nilifupisha maelezo yangu hadi robo saa, nikarekodi, kisha muda wa pamoja tukautumia kufanya maswali. Kila mmoja anaandika jibu kwenye gumzo lakini hatumi hadi nihesabu tatu. Majibu 40 yanashuka kwa mpigo. Ndani ya sekunde tano nilijua nani ameelewa na kosa gani limewapata wengi. Darasani sikuwahi kuona majibu ya watu 40 kwa wakati mmoja. Nilikuwa nasikia ya watatu wa mbele. Nimerudi darasani sasa, na nimerudi na zoezi hilo.

Bando Dogo

Yote haya ni mazuri kwa wenye intaneti. Kwa hesabu za ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, mwaka 2023 watu bilioni 2.6 hawakuwa mtandaoni, theluthi moja ya dunia. Na UNICEF ilisema mwaka 2020 kwamba watoto wasiopungua milioni 463 hawakuweza kufikiwa na masomo ya mbali ya aina yoyote, yawe ya mtandao, televisheni au redio. Tusiwasahau tunaposema faida.

Karani

Hatuwezi kuwasahau, ndugu. Na hapa nawalaumu waandaaji wa kozi moja kwa moja, kwa sababu sehemu ya ukuta huo tumeujenga sisi kwa uzembe.

Piga hesabu. Video inayopita kwa kilobiti 700 kwa sekunde hula megabaiti 315 kwa saa. Sauti peke yake kwa kilobiti 48 hula karibu megabaiti 22. Maandishi ya somo lile lile pamoja na michoro michache hayafiki hata megabaiti 2. Sasa jiulize ni masomo mangapi kwa kweli yanahitaji kuona uso wa mwalimu. Kuna kozi moja nilisoma ambayo mhadhiri alisoma kitabu chake mbele ya kamera kwa masaa 30. Kitabu kile kingetumwa kama faili dogo, na bando la wanafunzi likabaki kwa ajili ya kutuma kazi na kupokea masahihisho.

Kuna pia wanaopeleka masomo kule ambako mtandao haufiki kabisa. Kolibri, ya shirika la Learning Equality, huwekwa kwenye kompyuta ndogo inayogeuka kuwa mtandao wa ndani wa shule. Wanafunzi wanafungua masomo na kufanya mazoezi bila intaneti, mashine inasahihisha, mwalimu anaona nani amekwama wapi, na taarifa zinaunganishwa siku mtandao ukipatikana. Angalia tena kilichobebwa: mazoezi na mrejesho, havikuachwa nyuma.

Sikio la Pili

Mimi sioni. Natumia programu ya kusoma skrini, NVDA, ambayo ni bure tangu 2006. Kabla ya masomo ya mtandaoni nilitegemea mtu anisomee, na kila kitabu kilikuwa ombi kwa mtu. Sasa kurasa zilizoandaliwa vizuri nazisoma mwenyewe, kwa kasi ambayo ndugu zangu wanaoona wakisikia wanasema hawaambulii neno.

Lakini nina ombi kwa walimu wote humu. Mkipiga picha kurasa za kitabu na kuzigeuza PDF, mmenipa picha. Programu yangu haina maandishi ya kusoma, inanyamaza. Mkiandika kichwa cha habari kwa kukoleza herufi tu bila kutumia mtindo wa vichwa, siwezi kuruka kutoka sura hadi sura, nalazimika kusikiliza yote. Mkiweka mchoro, andikeni sentensi mbili za kuueleza. Ni kazi ya dakika moja kwenu. Kwangu mimi ndiyo tofauti ya kusoma kozi na kuiacha.

Mwalimu wa Jioni

Sikio la Pili, nimefungua faili zangu sasa hivi. Ni picha zote. Naanza kuzichapa upya leo. Nikimaliza sura ya kwanza naomba uipitie uniambie inasomekaje.

Sikio la Pili

Tuma tu, mwalimu. Nitakujibu siku hiyo hiyo.

Nyundo

Mkuu Karani, sasa tufike kwenye akili mnemba. ChatGPT ilitoka Novemba 2022, na mimi tangu hapo nimeacha kozi. Nauliza, najibiwa. Je, muda wa mrejesho haujafika sifuri? Historia yako haijaisha?

Karani

Nyundo, swali lako nimelifikiria sana.

Mwaka 1984 mwanasaikolojia wa elimu Benjamin Bloom aliandika kwamba mwanafunzi wa wastani aliyefundishwa na mwalimu wake peke yake alifika pale wanapofika asilimia 2 bora ya darasa la kawaida. Tafiti zilizofuata zilipata faida ndogo kuliko hiyo, lakini kubwa bado. Ile inayonivutia zaidi ni ya Kurt VanLehn ya mwaka 2011, aliyekusanya majaribio mengi na kuyalinganisha kwa mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika; namba ikiwa kubwa, faida ni kubwa. Mwalimu binadamu wa mtu mmoja: 0.79. Kompyuta inayosahihisha jibu la mwisho tu: 0.31. Kompyuta inayofuatilia kila hatua ya kazi ya mwanafunzi: 0.76.

Zitazame namba hizo polepole. Kompyuta zote mbili zilitoa mrejesho kwa sekunde. Iliyokaribia mwalimu ni ile iliyoangalia hatua. Kwa hiyo kasi ina mwisho wa msaada wake. Kuna kitu cha pili, nacho ni mahali mrejesho unapogusa. Ukiambiwa "jibu si sahihi" unabaki unabahatisha. Ukiambiwa "mstari wa tatu umehamisha namba bila kubadili alama" umepata somo.

Sasa hizi programu mpya zinaweza kufanya kazi hiyo, na nimeziona zikiifanya vizuri. Lakini ili zisahihishe hatua zako, lazima uwe na hatua. Ukiuliza na kujibiwa, kama unavyosema, mashine ndiyo iliyofanya kazi na wewe umesoma. Tunarudi kwa yule mtu wa video anayetikisa kichwa. Tena programu hizi hukosea kwa sauti ile ile ya uhakika zinayoitumia zinapopatia, na anayeanza somo hana njia ya kulitambua kosa. Ninachowaomba wanafunzi wangu ni kuandika jaribio lao kwanza, hata likiwa nusu, kisha waibandike kazi na kuandika: nionyeshe hatua ya kwanza iliyokosewa, usinipe jibu.

Nyundo

Nimelijaribu hilo sasa hivi kwa swali la uwezekano nililodhani nalijua. Nimekosea hatua ya pili. Nimekuwa nikiikosea hatua hiyo kwa miezi.

Dira

Basi mimi niulize la vitendo. Nina kozi mbili mbele yangu za uchambuzi wa data, bei karibu sawa. Nichaguaje?

Karani

Usiangalie trela. Fungua orodha ya masomo uhesabu mazoezi, kisha utafute nani au nini kinayasahihisha. Halafu ingia kwenye jukwaa la majadiliano, tazama tarehe ya swali la mwisho lililojibiwa. Kama ni la mwaka juzi, hakuna mtu nyumbani.

Dira

Nimerudi. Ya kwanza ina video 64 na mtihani mmoja wa kuchagua majibu mwishoni. Ya pili ina video 20 fupi, mazoezi baada ya kila moja, na miradi mitatu inayosomwa na mkufunzi. Jukwaani swali la mwisho limejibiwa jana. Cheti cha ile ya kwanza kina nembo nzuri zaidi, nakiri ndicho kilichokuwa kinanivuta.

Nimelipia ya pili.

Karani

Vizuri. Ukikwama kwenye zoezi la kwanza lilete hapa, na hatua zako zote, hata ulizozikata. Tutalitazama pamoja.